Kocha wa Gofu Si Dereva wa Basi

Kuna maneno yaliyoota mizizi miongoni mwa wafuatiliaji wa michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, nayo husemwa kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kufunga mjadala: kocha wa gofu ya wanawake hana kazi. Anasaka wasichana ambao tayari wanaujua mchezo, anawapakia kwenye basi dogo la chuo, anawafikisha uwanjani, anawatafutia chakula cha mchana, halafu anakaa kivulini kungoja matokeo. Wakishinda, sifa ni zake. Wakishindwa, mwakani ataleta wengine. Ndani ya mchezo wenyewe wapo wanaomwita dereva wa basi, na hawamsifu kwa jina hilo.

Maneno hayo yana msingi, na asiyeukubali msingi huo hawezi kuyajibu. Gofu ni mchezo wa mtu mmoja na mpira wake. Msichana anayefika chuoni akiwa na miaka 18 mara nyingi ameshika fimbo tangu utotoni, na mzungusho wake umetengenezwa na mwalimu wa nyumbani ambaye wazazi wamemlipa kwa miaka mingi. Mwalimu huyo haachwi nyuma. Wachezaji wengi huendelea kumtumia video za mazoezi na kupokea maelekezo yake wakiwa bwenini. Kocha wa chuo akiingiza mkono hapo bila kuombwa, anaweza kubomoa kilichojengwa kwa miaka kumi. Tena kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zinambana: msimu ukiwa umeanza hawezi kuwafanyisha mazoezi zaidi ya saa 20 kwa wiki wala, kwa kawaida, saa 4 kwa siku, na lazima wapate siku moja ya kupumzika. Basi, mtu anauliza, amebakiwa na nini cha kufundisha?

Amebakiwa na maamuzi. Anayafanya yeye, na anamlea msichana wa miaka 19 hadi aweze kuyafanya mwenyewe akiwa amechoka, yuko peke yake na anatazamwa. Kazi hiyo haionekani kwenye video ya mazoezi, na kwa kuwa haionekani watu wamekata shauri kwamba haipo. Mimi nashikilia kwamba ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika mchezo huu, kwamba hurithishwa kama ufundi mwingine wowote, na kwamba kumbukumbu za mashindano zinaithibitisha kwa yeyote atakayezisoma kwa subira.

Tazama kwanza timu inavyoundwa. Katika mashindano ya vyuo kila timu huingiza wachezaji 5, na katika kila raundi hesabu za 4 waliofanya vizuri ndizo zinazojumlishwa. Ya tano inatupwa. Kwa anayeangalia kwa mbali hiyo ni nafuu, maana mmoja akiharibu wenzake wanamfunika. Kwa kocha ni fumbo la kila wiki. Ana wasichana 8 au 9 na nafasi 5. Amchukue anayepiga mikwaju 73 kila siku, hapandi wala hashuki? Au amchukue anayepiga 69 leo na 79 kesho, akijua ile 79 inaweza kutupwa na ile 69 ikawa ndiyo ushindi wenyewe? Makocha wengi huweka raundi za mchujo ndani ya timu katikati ya wiki ili kadi ndizo ziamue, lakini mara nyingi hubakiza nafasi moja au mbili za kujaza kwa uamuzi wao. Nafasi hizo ndizo zinazoleta machozi. Anayeachwa anavaa sare ileile, anaamka alfajiri ileile, wazazi wake wanapiga simu kuuliza kulikoni, na Jumatatu anatakiwa arudi mazoezini akiwa bado rafiki wa yule aliyesafiri badala yake. Mwalimu wa mzungusho aliyeko nyumbani hana habari na hayo.

Kisha nenda uwanjani. Mchezaji wa kulipwa ana kedi: mtu wa kumbebea mfuko, kumpimia umbali na kuzungumza naye kwa saa tano. Chuoni hakuna kedi. Msichana anabeba mfuko wake begani au anausukuma kwenye kigari, na kanuni zinamkataza kupokea ushauri kutoka kwa mtu yeyote, hata mwenzake wa timu, isipokuwa makocha wake walioidhinishwa. Wachezaji watano wametawanyika, huyu yuko shimo la 4, yule la 5, mwingine ndiyo kwanza anaanza, kila mmoja na kundi lake la wapinzani. Kocha mkuu ana miguu miwili na msaidizi mmoja. Kila dakika anayompa mmoja amewanyima wengine. Amfuate nyota wake anayeyumba, au amwache ajiokoe, aende kwa mchezaji wa tano ambaye leo, kinyume na matarajio, ndiye anayeibeba timu?

Mfikirie amesimama kando ya shimo refu la mikwaju mitano lenye bwawa mbele ya grini. Mchezaji wake amebakiwa na mita 190 mpaka kwenye bendera, upepo unamjia usoni, na shimo lililopita amepoteza mikwaju miwili. Anataka kuirudisha yote kwa pigo moja, na kocha anaiona tamaa hiyo usoni mwake. Muda uliopo ni nusu dakika. Akimwambia asithubutu kulivuka bwawa, msichana atapiga salama kwa mikono yenye hofu, na mikono yenye hofu huvuta mpira pembeni. Akinyamaza, huenda mpira ukazama. Kocha anayeijua kazi yake atauliza swali la kawaida tu: mpira ukikaa hapa mbele ya maji, utamalizia kwa fimbo gani? Msichana anaitaja fimbo anayoiamini kuliko zote. Akishaitaja ameamua, tena ameamua mwenyewe, na atapiga kama mtu aliyeamua. Kwa mwenzake aliye mashimo mawili nyuma, swali hilohilo lingekuwa uchokozi. Yule anahitaji mtu wa kutembea naye kimya mita mia mbili kisha amuulize mtihani wa kemia ulikwendaje. Kujua nani ni nani kati ya hao, na kujua kwamba mwezi ujao wanaweza kubadilishana hali, hakupatikani kwa kukaa kivulini.

Wenye hoja ya dereva watasema hizo ni hadithi za kumpamba kocha; waonyeshwe matokeo. Sawa, tuanze na Stanford, kwa sababu ndicho chuo wanachopenda kukitolea mfano wa nyota wanaomng'arisha kocha. Anne Walker, mzaliwa wa Scotland, aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha California, akawa kocha wa UC Davis, na akafika Stanford mwaka 2012. Mwaka 2015 mashindano ya taifa ya wanawake yalibadilishwa: baada ya siku za kuhesabu mikwaju, timu 8 bora zinaingia kwenye mtoano wa ana kwa ana, shimo kwa shimo, watano kwa watano. Fainali ya kwanza ya mfumo huo, huko Bradenton katika jimbo la Florida, ilikuwa Stanford na Baylor. Ikafika mahali kila kitu kikamwangukia Mariah Stackhouse, aliyekuwa nyuma kwa mashimo 2 huku yamebaki 2. Hata sare kwenye shimo moja tu ingemaliza habari. Akashinda la 17, akashinda la 18, kisha akashinda la kwanza la nyongeza, na Stanford ikatwaa ubingwa wake wa kwanza kwa 3 dhidi ya 2.

Mapigo yale ni ya Stackhouse na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini angalia tarehe. Yeye na Walker walifika Stanford mwaka mmoja, 2012. Kocha hakukuta meza imeandaliwa, wala hakuwa amekaa pale muongo mzima akikusanya vipaji. Walikua pamoja, msichana akiwa mwaka wa kwanza wa masomo na kocha akiwa mwaka wa kwanza wa ajira. Kilichoonekana Bradenton, yaani utulivu wa mtu ambaye hana tena nafasi ya kukosea hata mara moja, kilikuwa na miaka mitatu nyuma yake.

Ushahidi mkubwa zaidi ni ule unaomhusu Rose Zhang. Sidhani kama gofu ya vyuo ya wanawake imewahi kumwona mwingine kama yeye. Katika misimu miwili alishinda mashindano 12 kati ya 20 aliyocheza, akaipita rekodi ya ushindi 11 ambayo Stanford ilikuwa nayo tangu enzi za Tiger Woods, na akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa binafsi wa NCAA mara mbili, 2022 na 2023. Alipoingia kwenye gofu ya kulipwa mwaka 2023 akashinda shindano lake la kwanza kabisa la LPGA, ligi ya wanawake ya kulipwa ya Marekani, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1951. Kama nyota ndiye anayemtengeneza kocha, basi huyu angetosha. Mwaka 2022 Stanford ilichukua ubingwa wa timu akiwemo. Mwaka 2023, Zhang akiwa bingwa wa taifa na katika kilele cha ubora wake, Stanford ilitolewa na USC kwenye nusu fainali, na kombe likaenda Wake Forest. Mwaka 2024 Zhang hakuwepo tena. Stanford ikaifunga UCLA 3 kwa 2 na kuchukua kombe.

Katika timu ile ya 2024 alikuwemo Rachel Heck, bingwa binafsi wa mwaka 2021, ambaye baadaye aliandamwa na majeraha na akatangaza wazi kwamba hataingia gofu ya kulipwa; alikuwa akijiandaa kuwa afisa katika jeshi la anga la Marekani. Hebu jiulize ni dereva gani anayeweza kumfanya msichana aliyekwisha kuamua kutoingia gofu ya kulipwa aamke alfajiri mwaka mzima, kwa ajili ya kombe ambalo halitamwongezea chochote kwenye maisha aliyoyachagua. Mimi huona hapo kuna zaidi ya usajili.

Na huo usajili wenyewe wanaoutaja kwa wepesi! Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi kulea, na ningekubali kwamba kusajili ni ile sehemu nyepesi, lakini hata hiyo si nyepesi. Zamani makocha walikuwa wakiwaahidi nafasi watoto wa miaka 13 na 14. Kanuni za sasa zinawazuia kuzungumza na mchezaji kuhusu usajili mpaka Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Kwa hiyo kocha husimama nyuma ya kamba kwenye mashindano ya vijana, haruhusiwi kumsemesha msichana, anamtazama tu. Kadi ya alama kila mtu anaisoma. Anachokitafuta hakimo kwenye kadi: anafanya nini hatua kumi baada ya kukosa pigo la nusu mita? Anamjibuje baba yake kwenye maegesho ya magari? Anawasaidia wenzake kusaka mpira uliopotea, au anageuka pembeni? Anamkadiria binti wa miaka 16 atakuwa mtu wa namna gani akiwa na miaka 21, na akikosea ataishi na kosa hilo miaka minne.

Nimesema ni ufundi unaorithishwa. Fuata mnyororo mmoja tu uone. Mwaka 1982 NCAA iliandaa ubingwa wake wa kwanza wa gofu ya wanawake. Hakikushinda chuo kikubwa cha pwani yenye jua, kilishinda Tulsa, chuo binafsi cha ukubwa wa kawaida huko Oklahoma. Kocha alikuwa Dale McNamara, ambaye miaka ya 1970 alikuwa amemfundisha Nancy Lopez kabla dunia haijalijua jina hilo. Mwaka 1988 Tulsa ilishinda tena, na siku hizohizo bingwa binafsi alikuwa binti wa kocha, Melissa McNamara. Binti alikwenda kucheza LPGA, akashinda huko, kisha akarudi kwenye kazi ya mama yake. Kwa jina la ndoa, Melissa Luellen, akawa kocha mkuu wa Arizona State, na mwaka 2009 akaipa ubingwa wa taifa. Msaidizi wake mwaka huo alikuwa Missy Farr-Kaye. Na Farr-Kaye naye alikuwa amekuwa bingwa mwaka 1990 akiwa mchezaji wa chuo hichohicho cha Arizona State, chini ya Linda Vollstedt. Baadaye akaichukua timu akiwa kocha mkuu, na mwaka 2017 akashinda. Mchezaji, msaidizi, kocha mkuu: ubingwa wa taifa katika ngazi zote tatu, ndani ya chuo kimoja.

Vollstedt mwenyewe alikaa Arizona State kuanzia 1980 hadi 2001 na kuondoka na ubingwa wa taifa mara 6: 1990, 1993, 1994, 1995, 1997 na 1998. Ndani ya miaka hiyo 9, kutoka 1990 hadi 1998, hakuna msichana aliyeweza kucheza zaidi ya minne. Kizazi kiliondoka, kingine kikaja, kikaondoka, kikaja cha tatu. Aliyebaki ni yule anayeitwa dereva. Duke nako, Dan Brooks aliyeanza mwaka 1984 alichukua ubingwa mara 7, wa kwanza 1999 na wa saba 2019. Mabingwa wa 1999 wangeweza kuwa na watoto wa kuwapeleka chuo mwaka wa ule ubingwa wa mwisho. Kama siri ingekuwa kwa wachezaji peke yao, tungetarajia makombe yatawanyike kadiri vipaji vinavyotawanyika. Hayatawanyiki hivyo. Yanarudi kwa watu walewale, na kwa waliofundishwa na watu walewale.

Hapo nitajibiwa kwamba Duke na Stanford ni matajiri na Arizona ina jua mwaka mzima. Ni kweli, na pesa na jua husaidia. Asiyekiri hilo anajidanganya. Lakini vyuo tajiri vyenye jua ni vingi kusini mwa Marekani, na vingi kati yao havijawahi kuligusa kombe hili. Pia nitaambiwa kwamba mtoano wa shimo kwa shimo ni bahati nasibu. Bahati imo, hasa siku ambayo robo fainali inachezwa asubuhi na nusu fainali mchana, na msichana anatembea mashimo 36 kabla jua halijazama. Lakini Brooks alishinda mara 6 chini ya mfumo wa zamani wa kuhesabu mikwaju na mara ya 7 chini ya mtoano. Walker ameshinda mara tatu chini ya mtoano. Bahati yenye kumbukumbu nzuri kiasi hicho inastahili jina lingine.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya wale waliongoja. Mary Lou Mulflur aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle kwenye mvua, kisha akakabidhiwa timu hiyo mwaka 1983. Ubingwa wake wa taifa ulikuja 2016, walipoifunga Stanford 3 kwa 2 kwenye fainali huko Eugene. Ni miaka 33. Katikati ya miaka hiyo lazima palikuwa na watu waliosema mama huyu amefika mwisho wa uwezo wake. Emily Fletcher aliichukua Northwestern, kandokando ya Chicago, mwaka 2008. Huko theluji hufunika viwanja miezi kadhaa na wachezaji hupiga mipira ndani ya jengo wakati wenzao wa Florida wako juani. Chuo chenyewe ni kigumu kuingia; mchezaji hodari mwenye alama dhaifu za darasani hawezi kusajiliwa hata kocha akimtaka vipi. Mwaka 2017 Fletcher aliifikisha timu fainali ikafungwa na ile Arizona State ya Farr-Kaye. Ikapita miaka minane. Mwaka 2025, kule Carlsbad katika jimbo la California, Stanford ya Walker ilikuwa imetawala siku zote za kuhesabu mikwaju kwa kuwaacha wengine mbali sana, na wengi walikwisha kuwapa kombe. Northwestern ikawafunga 3 kwa 2.

Hesabu ya kipaji kwa kipaji haiwezi kueleza siku ile. Stanford walikuwa bora, na walikuwa wamelionyesha hilo kwa siku nne mfululizo. Kitu pekee ambacho Northwestern walikuwa nacho ni uwezo wa kucheza shimo lililo mbele yao bila kuangalia jina la mpinzani, na uwezo huo hausajiliwi. Unajengwa ndani ya lile jengo la mazoezi mwezi Februari, nje theluji ikianguka, na mtu ambaye kwa miaka 17 ameamini kwamba utajengeka.

Kwa nini basi maneno ya dereva yamedumu? Nadhani yametokana na historia ambayo watu wameisahau. Mashindano ya kitaifa ya wasichana wa vyuo yalianza 1941 kwa juhudi za mwalimu mmoja wa elimu ya viungo wa Ohio State, Gladys Palmer, wakati ambapo wakubwa wengi wa elimu waliona si adabu wanawake kushindana. Kwa miongo iliyofuata, timu za wasichana zilikuwa mzigo wa ziada kwa walimu wa elimu ya viungo. Hawakuwa na wasaidizi, bajeti ilikuwa ya kubahatisha, na gari la kwenda mashindanoni liliendeshwa na mwalimu mwenyewe kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Kwa hiyo waliendesha, ndiyo. Waliendesha usiku kucha, asubuhi wakatembea mashimo 18, jioni wakasimamia wanafunzi wamalize kazi za darasani. Sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX ilipovilazimisha vyuo kuwapa wanawake nafasi sawa, pesa zikaja, na kazi hiyo ikaanza kuwa na heshima na mshahara. Hapo wanaume wakaitaka. Watafiti Vivian Acosta na Linda Carpenter, waliofuatilia jambo hili kwa miongo kadhaa, walionyesha kwamba mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya makocha wa timu za wanawake vyuoni, katika michezo yote, walikuwa wanawake. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 43.4. Simlaumu mwanamume anayeifanya kazi hii vizuri, na Brooks ni mmoja wao. Ninachokilaumu ni mazoea ya kuiona kazi kuwa nyepesi kwa sababu tu ilianza mikononi mwa wanawake wasiolipwa.

Mazoea hayo yana gharama hata kwa msomaji aliye mbali na Arizona. Februari 2024, pale Vipingo kaunti ya Kilifi, Shannon Tan wa Singapore alitwaa Magical Kenya Ladies Open katika shindano lake la kwanza akiwa mwanachama wa ligi ya wanawake wa Ulaya. Alikuwa ametoka muda mfupi tu kuichezea timu ya chuo cha Texas Tech. Watu waliona kipaji, na kipaji kilikuwepo. Sidai kwamba kocha wa chuo ndiye aliyeshinda pale Vipingo. Lakini wazazi wa Afrika Mashariki wenye binti anayeshika fimbo vizuri sasa wanajua njia hiyo ipo, na wakiamini kwamba kocha ni dereva, watachagua chuo kwa ukubwa wa jina, uzuri wa uwanja na kiasi cha ufadhili. Binti atakwenda kuishi miaka minne chini ya uamuzi wa mtu ambaye hawakumuulizia hata kidogo.

Tena mambo yamekuwa magumu zaidi. Zamani timu nzima ya wanawake iligawana ufadhili kamili 6. Tangu makubaliano ya kisheria ya 2025, vyuo vilivyoyakubali vinaweza kuwapa ufadhili wachezaji wote, ila orodha isizidi watu 9. Wachezaji sasa wanahama chuo kwa urahisi kuliko wakati wowote, na kocha anaweza kumpoteza aliyemlea miaka miwili ndani ya wiki moja. Anayetaka kujua kocha atampeleka wapi binti yake asiridhike na ukuta wa makombe. Aulize wasaidizi waliopita mikononi mwake wako wapi leo, na ni wangapi wana timu zao. Aulize nani hutembea na wachezaji uwanjani na nani hubaki kwenye kigari cha umeme. Na aulize kuhusu msichana wa nane kwenye orodha ya mwaka jana: alisafiri mara ngapi, nani alimweleza sababu alipoachwa, na je, mwaka huu bado yupo?